Ndoo Inayoitwa Shada la Maua: vichekesho vya Waingereza, vya kale na vilivyoundwa upya, kwa mtazamaji wa Nakuru na Kisumu

Mashine ya pesa katika duka la Arkwright ina droo inayojifunga kwa kishindo kama mtego wa panya. Mzee akitaka kutoa chenji huikodolea macho, hunyoosha mkono polepole, hunyakua sarafu, kisha huchomoa vidole kabla havijabanwa. Hakuna anayesema neno. Kamera imetulia, watazamaji waliomo studioni wanangoja, na kufumba na kufumbua umeshamjua mtu huyu na uhusiano wake na pesa: hata droo yake haitaki kuziachilia.

Hicho ni Open All Hours, kichekesho cha BBC kilichoandikwa na Roy Clarke. Kilijaribiwa kwa kipindi kimoja mwaka 1973, kikaendelea kwa misimu minne kati ya 1976 na 1985, vipindi 26 kwa jumla. Ronnie Barker ni Arkwright, mwenye kigugumizi na koti la kahawia. David Jason ni Granville, mpwa wake, anayezeeka juu ya baiskeli ya kupelekea wateja mizigo huku akiota maisha mengine. Aliyezoea duka la mtaa pale Nyalenda au Kaptembwo hahitaji kuelezwa zaidi. Mteja ameingia kutafuta kitu cha senti chache. Anatoka na vitu vitatu alivyokuwa hana haja navyo, na bado anaamini amefanyiwa hisani.

Miaka 40 baada ya kile kipindi cha majaribio, mwezi Desemba 2013, BBC ilirudi dukani kwa Still Open All Hours. Arkwright hayupo tena, picha yake iko ukutani, na duka ni la Granville. Droo ni ile ile. Sasa ni David Jason anayechomoa vidole, na kijana anayesukumwa na kupigiwa kelele ni mwanawe, Leroy. Msimu wa kwanza na wa pili vinastahili muda wako wote, kwa sababu mtu aliyetamani kutoroka duka kwa ujana wake wote amegeuka kuwa mjomba wake, ubahili na ujanja vikiwa vile vile. Baada ya hapo kipindi kinaanza kujizungushia majirani wale wale wanaosimama barabarani na kusema yale yale. Kilidumu hadi 2019, vipindi 41. Ukiishia msimu wa pili hujakosa kikubwa.

Duka hilo linatoa kipimo kinachofaa kwa vingine vyote. Kichekesho cha Kiingereza cha enzi ile hakisimami juu ya mzaha. Kinasimama juu ya watu waliofungwa pamoja mahali ambapo hawawezi kuondoka: dukani, jela, ofisini, hotelini, nyumbani kwa baba. Toleo jipya likikilinda kifungo hicho na kubadilisha zama, linaishi. Likichukua maneno ya zamani na kuyavalisha sura mpya, linakufa hata kama waigizaji ni hodari.

Chukua Porridge, yaani Uji. Kwa lugha ya mitaani ya Waingereza, kula uji ni kutumikia kifungo, na msomaji wa kaunti ya Nakuru, yenye gereza kuu la Naivasha, hatapata shida kuelewa jina. Ni cha 1974 hadi 1977, kimeandikwa na Dick Clement na Ian La Frenais, na ndicho bora kuliko vyote katika orodha hii. Barker tena, safari hii akiwa Norman Stanley Fletcher, mhalifu wa mazoea aliyehukumiwa miaka mitano katika gereza la Slade. Wanaoshiriki seli ni yeye na Lennie Godber, kijana wa kifungo cha kwanza, aliyeigizwa na Richard Beckinsale, ambaye alifariki 1979 akiwa na miaka 31 tu. Askari Mackay ana shingo ndefu na mwendo wa jogoo aliyekanyaga moto. Askari Barrowclough ana huruma mpaka inamharibia kazi.

Anza na kipindi cha tatu cha msimu wa kwanza, "A Night In". Karibu nusu saa nzima ni wanaume wawili kwenye vitanda vya ghorofa baada ya mlango kufungwa. Godber hawezi kulala. Fletcher anamfundisha kuichukulia hali hiyo kama usiku ambao mtu ameamua mwenyewe kubaki nyumbani. Hakuna mkasa, hakuna mtu anayeanguka, hakuna nguo inayochanika. Sauti inashuka, unamwona mzee akijifanya hajali huku akimlinda kijana asivunjike moyo. Kicheko kinakuja kwa sababu hofu iko chumbani. Itazame usiku, sauti ikiwa juu kidogo, na watu wa nyumbani wakiwa wametulia. Ukiweka mchana huku chakula kikipakuliwa itakupita.

BBC haikuruhusiwa kurekodi ndani ya gereza halisi, kwa hiyo ngazi na vibaraza vya ghorofa vya Slade vilijengwa ndani ya tangi la maji la zamani katika studio za Ealing, London. Ndiyo maana mwangwi wa viatu na milango unasikika wa kweli.

Toleo jipya lilianza kwa kipindi kimoja Agosti 2016, kisha vipindi sita mwaka 2017. Mjukuu wa Fletcher, Nigel Norman, yuko jela ya Wakeley kwa uhalifu wa kompyuta. Walioandika ni Clement na La Frenais wenyewe, na Kevin Bishop anaigiza kwa bidii. Bado haliendi. Kasoro iko kwenye mpangilio wa seli: zamani aliyejua njia za jela alikuwa mzee na aliyeogopa alikuwa kijana, hivyo kila ujanja wa Fletcher ulikuwa pia malezi. Sasa kijana ndiye mjanja na mwenzake wa seli ni mzee aliyekwisha kuzoea kifungo. Hakuna wa kulindwa. Mzaha unabaki mzaha, na askari Meekie anabaki akimkumbusha mtu Mackay. Pita.

Kabla ya kwenda mbali, tuzungumze kuhusu picha, maana watu wengi huvilaumu vipindi hivi kwa makosa ya runinga yao. Vichekesho vyote vya kabla ya miaka ya 1990 vilirekodiwa kwa umbo la 4:3, karibu mraba. Runinga bapa ya leo ni 16:9, na nyingi zikitoka dukani zimepangwa kujaza kioo. Matokeo yake Barker anakuwa mfupi mnene na John Cleese, anayeigiza mwenye hoteli Basil Fawlty katika Fawlty Towers na mwenye urefu wa karibu mita 2, anaonekana mtu wa kimo cha kati. Ingia kwenye mpangilio wa picha, tafuta saizi, chagua 4:3 au saizi asilia, ukubali mistari miwili meusi pembeni. Usichague kukuza, kukuza kunakata vichwa na miguu, na nusu ya uigizaji wa Basil Fawlty uko miguuni. Punguza ukali wa picha hadi karibu na sufuri, na uzime kile kifaa cha kulainisha mwendo, maana hukifanya kila kitu kionekane kama kinateleza.

Utaona pia kwamba wahusika wakitoka nje ya nyumba picha inabadilika: rangi zinafifia, chembechembe zinajitokeza, sauti inakuwa nyembamba. Diski yako haina kasoro. Ndani ya studio walitumia kamera za video, nje walitumia filamu ya milimita 16. Baada ya vipindi vitatu jicho linazoea.

Kwa wanaotazama mtandaoni kwa bando: asili ya picha hizi ni mistari 576 tu, kwa hiyo kuvuta 1080 ni kuchoma data bure. Weka 480. Nusu saa itakula takriban megabaiti 250, saa nzima nusu gigabaiti. Vipindi vyote 12 vya Fawlty Towers vinaingia ndani ya gigabaiti 3 na kidogo. BBC ina chaneli yake ya vichekesho YouTube ambako vipande vingi vimewekwa kihalali. Ni mahali pazuri pa kuonja kabla ya kununua seti.

Wale wanaojaza flashi kwenye maduka ya filamu mjini wajue wanachonunua ni nakala isiyo na kibali, na tukiacha hilo, nakala zenyewe mara nyingi zimekatwa. Kipimo ni saa. Kipindi cha BBC hakina matangazo, hivyo hukaribia dakika 30. Cha ITV, kama Mind Your Language, ni dakika 25 hivi kwa sababu matangazo yalikuwa na nafasi yake. Ukiona Fawlty Towers ya dakika 22, mtu fulani ameifyeka ili iingie katika ratiba ya kituo chenye matangazo, na kinachofyekwa kwanza ni yale matayarisho ya polepole ambayo kicheko cha mwisho kinayategemea. Basil anaanza kupiga kelele na wewe hujui amefikaje hapo.

Sasa The Office, ambako somo la kuunda upya linaonekana wazi kuliko popote. Ya Uingereza, ya Ricky Gervais na Stephen Merchant, ni ya 2001 hadi 2003: vipindi 12 na vipindi viwili virefu vya Krismasi, basi. Mahali ni Slough, kampuni ya karatasi. David Brent ni meneja anayetaka kupendwa kuliko anavyotaka kusimamia kazi. Hakuna kicheko cha watazamaji kwa nyuma. Kuna ukimya tu, na mlio wa mashine ya kunakili karatasi. Ukimya huo ndio unaouma. Brent akisema jambo la aibu, kamera inamwendea mfanyakazi anayetazama chini, inakaa naye sekunde moja zaidi ya unavyoweza kuvumilia.

Wamarekani walipoichukua mwaka 2005, kipindi chao cha kwanza kilifuata maandishi ya Waingereza karibu neno kwa neno. Kitazame baada ya cha Slough uone jinsi maneno yale yale yanavyoanguka. Uchungu wa Brent ni wa Kiingereza. Aibu yake inahitaji adabu inayomzunguka, watu wasioweza kumwambia anyamaze. Kuanzia kipindi cha pili, "Diversity Day", waliandika chao. Na msimu wa pili walifanya jambo la busara zaidi: meneja wao, Michael Scott wa Steve Carell, alifanywa mtu mwenye moyo, asiye na familia, ambaye wafanyakazi wa Scranton ndio jamaa zake pekee. Kifungo kikabaki, sababu ya kufungwa ikabadilika. Vikaja vipindi 201 katika misimu tisa hadi 2013.

Mapendekezo: ya Uingereza nzima, ni kama saa saba, wikendi moja. Ya Marekani, kipindi cha kwanza kwa kulinganisha, cha pili, kisha ruka moja kwa moja hadi msimu wa pili. Wa pili hadi wa tano ni dhahabu. Carell anaondoka msimu wa saba, na kuanzia hapo ni kwa wapenzi wa dhati tu. Vipindi vya Marekani ni dakika 22 kihalali, kwa hiyo kipimo cha saa hapo juu hakivihusu.

Wamarekani walishakuwa wamelijua somo hili miaka 30 kabla, kisha wakalisahau. Steptoe and Son ya Galton na Simpson, iliyoanza 1962, ni baba na mwana wanaookota vyuma kuukuu na takataka London kwa mkokoteni wa farasi. Mwana anataka kuondoka, kusoma, kuoa. Baba mchafu anaumwa kila mwana akifungasha. Wilfrid Brambell, aliyekuwa baba, alimzidi Harry H. Corbett, aliyekuwa mwana, kwa miaka 13 tu, na hutaamini ukiwaona. Mwaka 1972 ikawa Sanford and Son: baba na mwana Weusi, mtaa wa Watts, Los Angeles, gari bovu mahali pa farasi, Redd Foxx akishika kifua kila akikabwa na hoja na kumwita marehemu mkewe kwamba yuko njiani. Kifungo ni kile kile, nchi ni nyingine, rangi ni nyingine, na maumivu ni yao wenyewe. Ikadumu hadi 1977. Kwa mji kama Nakuru, ambako mkokoteni wa punda na mizani ya skrepa ni vitu vya kila siku, zote mbili zitaeleweka bila maelezo. Lakini ya London ina huzuni nzito zaidi, na ndiyo ninayoipendelea.

Kwa viongozi wa kaunti na kila aliyewahi kufuatilia faili kutoka meza moja hadi nyingine, cha kununua ni Yes Minister na mwendelezo wake Yes, Prime Minister, 1980 hadi 1988, vipindi 38. Waandishi ni Antony Jay na Jonathan Lynn. Waziri Jim Hacker anataka kufanya mambo. Katibu wake wa kudumu, Sir Humphrey, anataka mambo yabaki yalivyo. Na Bernard, katibu binafsi, yuko katikati akisahihisha sarufi. Nigel Hawthorne hutamka sentensi ya Humphrey isiyo na mwisho kwa pumzi moja, na mwisho wake unagundua amesema "hapana". Washa maandishi ya chini. Hata mtu aliyefundisha Kiingereza miaka mingi atayahitaji.

Kipindi kimoja kitoshe kuonyesha: "The Compassionate Society", cha 1981. Hospitali mpya ina wafanyakazi 500 wa utawala na huduma. Haina mgonjwa hata mmoja, na haina daktari. Waziri anakwenda kuitembelea. Vyumba vinang'aa, vitanda vimetandikwa, kila mtu ana shughuli. Anapouliza wagonjwa wako wapi, anaelezwa kwa heshima na takwimu jinsi hospitali hiyo inavyoendeshwa vizuri. Humphrey anaitetea kwa utulivu kamili, naye haongopi: kila idara inafanya kazi yake. Tangu huduma za afya ziende kwa kaunti mwaka 2013, sidhani kuna kipindi cha runinga ya kigeni kinachowafaa wanakamati wa bajeti wa magharibi mwa Kenya kuliko hiki. Kionyeshwe wiki moja kabla ya makadirio kusomwa.

Toleo jipya la 2013, vipindi sita kwenye chaneli ya Gold, liliandikwa na Jay na Lynn wale wale likitokana na mchezo wao wa jukwaani. David Haig, Hacker mpya, anafoka tangu dakika ya kwanza. Paul Eddington, Hacker wa zamani, alikuwa akiogopa, na uoga wake ulionekana machoni kabla hajafungua mdomo. Hapo ndipo lilipopotelea: hofu ikawa kelele, na mambo ya serikali ya mseto yaliyowekwa kulifanya liwe la kisasa yamechakaa haraka kuliko yale ya 1981.

Mind Your Language kinahitaji maneno ya pekee, maana kwa Wakenya wengi waliokua na KBC ndicho kilikuwa mlango wa kuingilia vichekesho vya Waingereza. Darasa la jioni London, mwalimu Jeremy Brown, wanafunzi kutoka India, Pakistani, Italia, Uchina, Ugiriki na kwingine, kila mmoja na Kiingereza chake. Kimeandikwa na Vince Powell. Misimu mitatu ya 1977 hadi 1979 ina vipindi 29. Kisha kuna vingine 13 vya 1986, vilivyotengenezwa na mzalishaji huru, Albert Moses, aliyekuwa pia akiigiza Ranjeet. Barry Evans alirudi kama mwalimu, lakini wengine kadhaa hawakurudi, darasa limepoa, na maandishi yanajirudia. Nakala za mitaani huvichanganya vyote bila mpangilio. Ukiona wanafunzi usiowafahamu wamejaa madawati, uko 1986, rudi nyuma.

Je, bado kinachekesha? Kinachekesha pale neno moja linaposikika kuwa lingine na mwanafunzi akaendelea nalo kwa imani yote, jinsi sisi wenyewe tulivyocheka miaka nenda rudi na lafudhi za makabila katika Vitimbi na Vioja Mahakamani. Kinachosha pale kabila linapofanywa ndilo tabia yote ya mtu: Mhindi na Mpakistani wagombane kwa sababu tu ni Mhindi na Mpakistani, msichana wa Kifaransa awe wa kutongozwa tu. Hayo yalisemwa Uingereza enzi hizo hizo, na ndiyo yaliyokifanya kiondolewe. Wahindi walikiunda upya kama Zabaan Sambhalke miaka ya 1990, darasa likiwa la Kihindi badala ya Kiingereza, na hapo ndipo penye wazo zuri kwa mtu wa kwetu: darasa la Kiswahili mjini Kisumu, Mturkana, Mluo, Mhindi wa mjini na Mchina wa ujenzi wa barabara dawati moja, wote wakipambana na ngeli. Kifungo kipo tayari. Kinachosubiriwa ni wa kuandika.

Dad's Army, 1968 hadi 1977, ni wazee na vijana wasiofaa kwenda vitani wanaolinda mji mdogo wa pwani wakati wa Vita vya Pili. Vipindi ni 80, na vitatu vya msimu wa pili havipo. BBC enzi hizo ilifuta kanda na kuzitumia tena, kwa kuwa zilikuwa ghali na hakuna aliyefikiri mtu atataka kurudia kutazama nyumbani. Filamu ya 2016 ina Toby Jones na Bill Nighy, waigizaji wakubwa, na haina mwendo. Kichekesho cha nusu saa chumbani kimenyooshwa kuwa saa moja na dakika 40, kikaongezewa jasusi. Iache.

Lakini vile vipindi vitatu vilivyopotea viliigizwa upya mwaka 2019 kwa maandishi yake ya awali, Kevin McNally akiwa Kapteni Mainwaring na Robert Bathurst akiwa Sajini Wilson. Kwa kipimo changu vingepaswa kufeli, kwa kuwa ni maneno ya kale kwenye sura mpya. Havikufeli. Havikudai kuwa kitu kipya. Vilijaza pengo, vikaigizwa kwa adabu ya mtu anayerudisha kitabu rafuni. Kimoja kati ya vitatu, "A Stripe for Frazer", sauti yake halisi ilipatikana na kuwekewa michoro mwaka 2016. Ukiweza kupata vyote viwili, sikiliza kwanza waigizaji wa zamani kwenye michoro, halafu tazama wapya.

Fawlty Towers hakihitaji kusifiwa. Vipindi sita vya 1975 na sita vya 1979, John Cleese na Connie Booth, hoteli ya Torquay. Mwenye nyumba ya wageni yeyote karibu na Dunga au lango la mbuga ya Nakuru aanze na cha mwisho, "Basil the Rat": afisa wa afya anasoma orodha ya makosa ya jikoni kwa sauti isiyopanda wala kushuka, uchafu baada ya uchafu, hadi anapofikia njiwa wawili waliokufa ndani ya tangi la maji. Basil anasikiliza orodha yote, kisha anauliza kama mengine yako sawa. Wamarekani walijaribu mara tatu kukiunda upya, 1978, 1983 na 1999, na mara zote kikafa mapema. Ile ya 1983, Amanda's, iliondoa mume mkali na mke anayeogopwa, ikabaki na mwanamke mjane mwenye hoteli. Waliitoa kufuli, wakashangaa mlango haufungi.

Kuhusu Hyacinth wa Keeping Up Appearances, mwanamke ambaye jina la mumewe ni Bucket, yaani ndoo, naye hulitamka "Bouquet", kana kwamba ni shada la maua: vipindi 44, 1990 hadi 1995, vya Roy Clarke tena. Chukua misimu miwili ya kwanza. Young Hyacinth ya 2016, kipindi kimoja cha ujana wake, inaonyesha aibu ya umaskini ilikotoka. Ni nzuri kuliko ilivyosemwa, na ni nusu saa tu. Are You Being Served? ya mwaka huo huo usipoteze bando lako.

Ukiamua kununua seti halisi ya diski kutoka Uingereza, jambo la kuangalia ni namba ya kanda nyuma ya kasha. Diski za Uingereza ni kanda ya 2, Kenya iko kanda ya 5. Mfumo wa picha ni PAL kwetu na kwao, kwa hiyo rangi na mwendo havitasumbua. Kinachokataa ni kufuli ya kanda. Mashine nyingi za bei nafuu hufungua kanda zote, lakini usimwamini muuzaji kwa mdomo: beba diski moja ya Uingereza hadi dukani, iwekwe, icheze dakika mbili, ndipo ulipe. Za Marekani ni kanda ya 1 na mfumo wa NTSC, na runinga ya zamani ya kifua kikubwa inaweza kuzionyesha bila rangi. Anayetumia kompyuta awe mwangalifu zaidi, kwani kisomaji chake hukubali kubadilishwa kanda mara tano tu, kisha hujifunga hapo hapo kilipo. Tazama pia kama kasha linataja maandishi ya chini. Za BBC kwa kawaida zinayo, za kampuni nyingine mara nyingi hazina.

Na kwa walio Kisumu, Kakamega na kando ya ziwa: radi za jioni zikianza, kizuia mkondo wa stima pekee hakitoshi. Chomoa plagi, chomoa na waya wa antena au dishi. Fletcher na Godber watakusubiri hadi mvua ikatike.